FreeCAD na CalculiX kazini: tathmini kutoka karakana ya vyuma, Mbeya

Mzee mmoja mkulima wa mpunga kutoka Ubaruku aliturudishia karakanani, hapa Iyunga, tela la pawatila ambalo mkono wake wa kukokotea ulikuwa umekatika karibu kabisa na mshono wa kuchomelea, pale unaposhikana na fremu. "Mwanangu, mliniwekea chuma chembamba," alisema, na kwa mazoea ya kazi yetu jibu lilikuwa tayari: kuondoa bomba la zamani na kuweka lenye ukuta mnene zaidi. Lakini hilo lilikuwa tela la tatu kurudi na jeraha lile lile katika msimu mmoja wa mavuno, na kabla ya kukata bomba jipya niliamua kuutafuta ugonjwa wenyewe. Tathmini hii inahusu vyombo viwili nilivyotumia katika kazi hiyo, na ambavyo nimeendelea navyo hadi leo: FreeCAD, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, na CalculiX, injini ya kukokotoa mikazo ambayo hufanya kazi ndani yake.

Vyote viwili ni vya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. FreeCAD ilianza kuandikwa mwaka 2002 na ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024. CalculiX ni kazi ya Guido Dhondt na Klaus Wittig, wahandisi waliotoka MTU Aero Engines ya Munich, kampuni ya injini za ndege, na asili hiyo inaonekana, kwa sababu uwezo wake umevuka kwa mbali mahitaji ya karakana ya matela: hukokotoa mkazo, joto, mitetemo na kunyongeka kwa nguzo nyembamba zinazobanwa. Anayeipakua FreeCAD kwa ajili ya Windows huipata CalculiX humo humo, pamoja na Gmsh, chombo cha kugawa umbo katika vipande. Kazi ya kusakinisha ni ya kusubiri mamia ya megabaiti yashuke, na haina jambo jingine la kusimulia.

Njia inayotumika ni ile ambayo wahandisi huiita FEM, kifupi cha Finite Element Method. Umbo lisilokokotoleka kwa fomula moja hugawanywa katika vipande vidogo vingi, viitwavyo elementi, kila kipande kikiwa chepesi kukokotoleka, kisha vipande hivyo huunganishwa kwenye nodi zao, yaani pointi vinapokutana, na kuwa mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo ambao kompyuta huutatua. Richard Courant aliandika mwaka 1943 makala yenye mbegu ya wazo hilo. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walilitumia kwa miundo ya ndege, na Ray Clough ndiye aliyeipa njia hii jina lake mwaka 1960. Naitaja historia hiyo kwa sababu mafundi wengi ninaozungumza nao huiona programu ya aina hii kama uaguzi wa kompyuta, ilhali ndani yake kuna hesabu ile ile ya kani, urefu na unene waliyofundishwa chuoni, iliyorudiwa mara nyingi sana bila kuchoka.

Sasa nirudi kwenye mkono wa tela, maana hapo ndipo programu ilipopimwa.

Kabla ya kuwasha kompyuta nilichukua karatasi. Tela lilikuwa la ekseli moja, na mzee alisema hupakia magunia kumi ya mpunga, ambayo nikayahesabu kuwa kilo 1,000. Mzigo ukipangwa vizuri, sehemu yake kama ya kumi huegemea mbele kwenye mkono, yaani takribani nyutoni 1,000. Mkono ulikuwa bomba la mraba la milimita 60 kwa 60, lenye ukuta wa milimita 3 na urefu wa mita 1.2 kutoka kwenye fremu hadi kwenye pini. Ukiuhesabu kama mhimili ulioshikwa upande mmoja, mkazo wa kupinda kwenye shina ni kama megapaskali 97 (megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita mraba). Chuma cha kawaida cha daraja la 235 huanza kulegea kwenye megapaskali 235, kwa hiyo kwa hesabu hiyo mkono ulikuwa salama mara mbili na zaidi, na bado ulivunjika.

Kilichokosekana ni barabara. Tela lililosimama uani kwetu na tela linaloruka matuta na mifereji ya mashamba ya Usangu si kitu kimoja. Nilipomuuliza mzee zaidi, alieleza kwamba magunia yakishapakiwa vijana nao hupanda juu, na kwamba kuna mahali njia inakatwa na mfereji ambapo pawatila huzama na kunyanyuka ghafla. Nikazidisha kani mara 3, ikawa nyutoni 3,000, na mkazo kwenye shina ukafika megapaskali 291. Kisha nilichukua kalipa na kupima ukuta wa bomba lililokatika: lile lililouzwa kama la milimita 3 lilikuwa na milimita 2.6. Kwa unene huo mkazo unafika megapaskali 329. Mambo mawili, barabara na bomba pungufu, yalitosha kueleza ufa kabla programu haijafunguliwa.

Je, programu ina faida gani basi? Nilijiuliza hivyo kwa dhati. Faida ya kwanza niliyoiona ni kwamba karatasi yangu ilinipa namba ya sehemu moja tu, shina la mkono, na kwa dhana kwamba fremu haipindi hata kidogo. Nilipochora fremu nzima ndani ya FreeCAD, nikaweka kani kwenye pini na kuishika fremu mahali ekseli inapofungwa, picha ilionyesha kwamba mwamba wa mbele wa fremu nao hujisokota, na kwamba mkazo haugawanyiki sawa kwenye mshono: pembe za juu na za chini za bomba hubeba karibu kila kitu, ilhali kuta za pembeni, karibu na katikati ya kimo chake, hazifanyi kazi kubwa. Ufa wa tela la mzee ulianzia kwenye pembe ya juu. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini.

Kuiamini kulikuwa na masharti, na masharti hayo ndiyo ningependa msomaji ayashike kuliko sifa zote. Jaribio langu la kwanza lilitoa jibu la uongo. Kwa kutaka kompyuta yangu ya gigabaiti 8 imalize upesi, nilichagua elementi za piramidi zenye nodi nne tu, na programu ikasema ncha ya mkono itashuka milimita 15. Karatasi ilikuwa imesema milimita 22. Elementi hizo za daraja la kwanza zina tabia inayojulikana ya kuwa ngumu kupita kiasi zinapopindwa, hasa kwenye kuta nyembamba. Niliporudisha elementi za daraja la pili, zenye nodi kumi, ambazo ndizo FreeCAD yenyewe hupendekeza pasipo kuguswa, jibu lilikuja kukaa jirani kabisa na lile la karatasi. Rangi za picha katika majaribio yote mawili zilipendeza sawasawa. Asiyekuwa na karatasi mkononi angechukua lile la kwanza na kwenda kukata chuma.

Kuna mtego wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu huongezeka kadiri mtu anavyojitahidi. Kwenye kona kali ya ndani, mahali bomba linapokutana na fremu bila mviringo wowote, nilisoma mkazo wa megapaskali 340. Nikafanya vipande viwe vidogo ili nipate usahihi zaidi, ukapanda hadi 450, na nilipovipunguza tena ukapita 600. Hiyo si habari ya chuma. Ni hesabu inayojaribu kufikia namba isiyo na mwisho kwenye ncha isiyo na upana, na kona halisi iliyochomelewa haiko hivyo. Dawa ni kuchora mviringo wa mshono jinsi ulivyo, au kusoma mkazo umbali kidogo kutoka kwenye kona na kuulinganisha na hesabu ya kawaida. Programu haitoi onyo lolote juu ya hili, na nadhani hapo ndipo mwanafunzi anayejifundisha mwenyewe hupotea.

Kwa anayeanza, ningemshauri afungue kwanza mfano wa mhimili uliomo ndani ya FreeCAD yenyewe: mhimili wa chuma wa urefu wa mita 8, upana na kimo cha mita 1, ulioshikwa upande mmoja na kusukumwa chini upande wa pili kwa kani ya nyutoni milioni 9. Achukue fomula ya kitabuni, kani mara urefu kipeo cha tatu, kugawa kwa zao la tatu, moduli ya Young (kipimo cha ugumu wa chuma) na momenti ya pili ya eneo (kipimo cha jinsi umbo la mkato linavyopinga kupinda). Moduli ikiwa megapaskali 210,000, atapata milimita 88 hivi. Kisha aiendeshe CalculiX, alinganishe, na baada ya hapo avunje mfano huo kwa makusudi: abadilishe elementi, aondoe kishikizo kimoja, aweke kani mahali pengine, aone ni lini jibu linabaki la kweli na ni lini linageuka. Saa mbili za zoezi hilo zimenifaa kuliko video zote nilizozitazama.

Faida ya pili, na kwangu iliyo kubwa, ni kutafuta usanifu bora badala ya kukagua mmoja. FreeCAD ina jedwali la ndani ambalo vipimo vya mchoro vinaweza kufungwa humo, na ina lugha ya Python, kwa hiyo mtu huandika makro fupi, yaani orodha ya maagizo yanayojiendesha, inayobadilisha kimo, upana na unene wa bomba, inaendesha CalculiX, inaandika uzito na mkazo, kisha inaendelea na bomba linalofuata. Nilienda madukani Mwanjelwa nikaorodhesha mabomba yanayopatikana kweli, maana ukokotozi unaochagua bomba lisilouzwa Mbeya haunisaidii, nikaiacha kompyuta ifanye kazi wakati wa chakula cha mchana. Nilitaka uzito mdogo kabisa kwa sharti kwamba mkazo wa kupinda usizidi megapaskali 165.

Matokeo yalinifundisha jambo ambalo mikono yetu ilikuwa imelisahau. Dawa yetu ya miaka yote, yaani kubaki na milimita 60 kwa 60 na kuongeza ukuta hadi milimita 5, hupandisha uzito kutoka kilo 5.4 kwa mita hadi kilo 8.6, na bado mkazo hubaki megapaskali 193. Bomba la mstatili la milimita 100 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3, likisimamishwa kwa kimo chake, lina kilo 6.8 kwa mita na mkazo wake ni megapaskali 161 hivi. Ncha yake hushuka milimita 7 badala ya 22. Nilihofia kani za ubavuni wakati wa kukata kona, kwa kuwa bomba la mstatili ni jembamba upande huo, lakini hesabu ilionyesha kwamba hata kwa ubavu lina nguvu kuliko lile la mraba tulilokuwa tukitumia. La milimita 80 kwa 80 nalo lilikidhi sharti, kwa megapaskali 158, ila lina uzito wa kilo 7.3 kwa mita. Mshindi alikuwa wazi, na bei yake dukani ilikuwa chini ya ile ya bomba la ukuta wa milimita 5.

Kuna bomba moja ambalo makro ilitaka kulisogeza mbele kila nilipolegeza sharti kidogo: milimita 100 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 2, kilo 4.6 tu kwa mita, na mkazo wa megapaskali 232. Ni jepesi kuliko lililovunjika, na kwa karatasi lina mkazo mdogo kuliko hilo. Mwenzangu mchomeleaji alilikataa kwa sentensi moja: ukuta huo hutoboka kwa urahisi chini ya elektrodi, na mshono uliotobolewa kisha ukazibwa si mshono wa kubeba tela. Alikuwa sahihi. Programu haikujua lolote kuhusu mkono wa fundi mpaka mimi nilipoiwekea sharti kwamba ukuta usipungue milimita 3. Sharti ambalo halikuandikwa, ukokotozi hautalifuata, na hilo nalihesabu kuwa jukumu la mtumiaji.

Hatua ya mwisho ilikuwa bamba la kuimarisha, lile linalochomelewa chini ya kiungo cha mkono na fremu. Tulizoea kukata mstatili wa milimita 250 kwa 200, unene wa milimita 8, ambao una kilo 3.1. Hapa nilitumia programu ndogo ya Python iitwayo beso, ambayo huiendesha CalculiX mara nyingi mfululizo, na kila mara hupunguza elementi zinazobeba kidogo na kurudisha zinazohitajika. Wazo la kutafuta muundo wenye chuma kidogo kabisa ni la zamani. Mwaustralia Michell aliliandikia hesabu yake mwaka 1904, na Bendsøe na Kikuchi walilifungulia mlango wa kompyuta mwaka 1988. Nilipoiagiza beso ibakize nusu ya uzito, baada ya zaidi ya saa nzima ilibakiza kitu kama mkono mnene wa mshazari kutoka shina la fremu hadi chini ya bomba, na kona moja ya mstatili ikatoweka kabisa.

Umbo lenyewe lilikuwa na kingo za mawimbi ambazo hakuna mtu angezikata kwa mashine ya kusagia. Sikujaribu. Tulisoma kilichokuwa kikisemwa na picha, tukakata pembetatu, tukairudisha pembetatu hiyo ndani ya CalculiX kuikagua, na ikatosha. Kila mstatili mmoja sasa unatoa mabamba mawili. Ningewatahadharisha wanafunzi wa uhandisi, hasa wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo wakiwa na shauku ya maumbo hayo, kwamba zao la aina hii ya ukokotozi ni ushauri wa mahali pa kuweka chuma, na kwamba hubadilika mara moja ukibadilisha mzigo. Bamba lililopunguzwa kwa ajili ya kani ya kushuka chini linaweza kuwa dhaifu vibaya kwa kani ya ubavuni, kwa hiyo mizigo yote miwili lazima iingizwe tangu mwanzo.

Kuhusu upungufu wa vyombo vyenyewe, nitaanza na ule uliotuhusu zaidi. Matela yetu huvunjika kwa uchovu wa chuma, yaani mkazo wa wastani unaorudiwa maelfu ya mara hadi ufa mdogo kwenye mshono ukue. Ukokotozi wa kawaida ndani ya FreeCAD hutoa mkazo wa mara moja, na hautakuambia mshono wako utaishi safari ngapi. Hiyo ni hesabu ya ziada ambayo mhandisi huifanya nje, akitumia viwango vya mishono. Kwa sababu hiyo nilishusha kikomo changu hadi 165, na kuuhamisha mshono mkuu kutoka kwenye pembe ya juu kwenda kwenye kuta za pembeni, zile ambazo picha ilionyesha zimepumzika.

Upungufu wa pili ni wa uchoraji. Katika matoleo ya kabla ya 1.0 mtu aliyebadilisha mchoro wa mwanzo angeweza kukuta kani na vishikizo vyake vimehamia kwenye uso mwingine wa umbo, kwa sababu programu ilikuwa ikizipa nyuso majina mapya. Toleo la 1.0 limelitibu tatizo hilo kwa sehemu kubwa, ila kwa makro inayobadilisha vipimo mara kwa mara bado nakagua kila baada ya mizunguko michache kama kani iko mahali pake. Tena, wavu wa vipande vya maumbo makubwa hula kumbukumbu ya kompyuta upesi. Kwa mabomba, ni heri kutumia elementi za gamba, ambazo huchorwa kama uso usio na unene kisha unene huandikwa kwa namba; hesabu iliyokuwa ikichukua dakika kumi na tano kwangu ilishuka chini ya dakika mbili. Umeme nao hukatika bila taarifa, kwa hiyo kompyuta iwe na betri inayoshika chaji au kazi ihifadhiwe kabla ya kila uendeshaji.

Programu za kulipia kama Ansys na Abaqus zina usaidizi wa kitaalamu na hesabu za uchovu zilizokamilika zaidi, na Ansys hutoa toleo la bure kwa wanafunzi, lenye ukomo wa ukubwa wa kazi na lisiloruhusiwa kwa biashara. Kwa karakana inayotengeneza matela, fremu za mashine za kukoboa na stendi za matangi ya maji, sioni sababu ya kuzilipia kabla ya kuimaliza CalculiX. Faida moja ya pembeni ni kwamba faili zake huandikwa kwa mtindo unaofanana na wa Abaqus, kwa hiyo kijana anayejifunza hapa hatakuwa mgeni kabisa akiajiriwa kwingine.

Naipendekeza, basi, kwa fundi au mhandisi aliyesoma mekanika ya vitu kiasi cha kuweza kukokotoa mhimili kwa mkono, na simpendekezei asiyeweza. Mahitaji ni kompyuta ya gigabaiti 8, au 16 zikipatikana, kalipa nzuri, na siku moja ya kwenda shambani kuona chombo kinavyotumika. Tela la mzee wa Ubaruku lilipata mkono wa milimita 100 kwa 50 na bamba la pembetatu, na limemaliza msimu mzima wa mavuno. Aliporudi kuweka tairi nilipaka rangi ya kukagulia nyufa kwenye mshono wote wa mkono, nikafuta, nikapuliza poda nyeupe, nikasubiri. Hapakutokea mstari wowote, na tumekubaliana alilete tena baada ya mavuno yajayo tuukague upya.